Udongo wa Amani na Sauti ya Redio

Msikilizaji wa Amani, katika Usambara Mashariki, apatapo sauti hafifu mchana katika masafa ya kati, hulaumu betri au umbali. Ni nadra kuulaumu udongo. Shule nazo zina sehemu yake katika kosa hilo: mwalimu wa fizikia huchora wimbi likielea hewani, na ardhi iliyo chini yake huachiwa mwalimu wa jiografia.

Umbali hautoshi kuwa jibu. Kutoka mji wa Unguja hadi Tanga ni kama kilometa 120, na hadi Amani kama 135. Lakini wimbi liendalo Tanga hupita karibu njia nzima juu ya bahari, ilhali lile la Amani huiacha bahari kusini ya Pangani na kumalizia safari nchi kavu. Mchana mawimbi haya huambaa juu ya uso wa dunia, na uso huo huyatoza ushuru. Maji ya bahari hupitisha umeme mara elfu kadhaa kuliko udongo maskini. Juu ya udongo huo nguvu ya wimbi hupotelea ardhini, ikawa joto.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, Amani haipati mvua ikaribiayo milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo mbichi si hupitisha umeme? Hupitisha, lakini kwa msaada wa chumvichumvi zilizoyeyuka majini. Mvua hiyohiyo, kwa karne nyingi, imezichukua chumvi hizo kutoka udongo mwekundu wa milima hiyo. Ndiyo sababu moja iliyoifanya kahawa ya enzi za Wajerumani isistawi huko kwa muda mrefu, ijapokuwa msitu ulikuwa mnene. (Kituo chao cha utafiti kilianzishwa Amani mwaka 1902.)

Milima nayo ina lake. Wimbi lenye urefu wa meta 300 hukizunguka kilima kidogo bila taabu, bali nyuma ya ukuta wa mamia ya meta huacha kivuli.

Yafaa walimu hao wawili wafundishe somo hili pamoja. Redio moja ya transista ichukuliwe adhuhuri kutoka Tanga hadi Muheza, kisha Amani, ikisikiliza kituo kilekile, nayo igeuzwe kila mahali mpaka sauti iwe kubwa kabisa. Kisha wasubiri usiku, wakati wimbi linaporudishwa kutoka tabaka za juu za anga bila kuambaa juu ya udongo. Sauti ikipata nguvu saa hizo, betri hazikuwa na kosa.