Binti ya mwenzetu

Sisi wachimbaji tunajuana. Mwenzetu anashuka Goma kutoka Rubaya, ameuza kilo zake za coltan, dola ziko mfukoni. Anapanga chumba Ndosho ao Mugunga, ananunua viatu, na jioni tunamuona na kabinti kamevaa uniforme ya shule. Yeye ana miaka 38, binti ana 15. Sisi tunacheka: "Muzee bado ana nguvu!" Tunaandika leo juu ya kicheko hicho.

Binti yule ni wa nani? Mara nyingi ni wa mwenzetu mwingine. Baba alibaki ndani ya shimo siku udongo ulianguka, ao vita viliwafukuza Masisi, mama anauza makala barabarani, minervali haijalipwa. Mtu mkubwa anajua yote hayo. Anaanza na uniti za simu, halafu pesa ya moto, halafu simu yenyewe. Wanaosema "alitaka mwenyewe" wanasahau kuuliza nani alikuwa na franga.

Ninyi vijana, hatutapiga makelele, ya wazazi mumeisha kuyazoea. Kupenda si kosa. Lakini muangalie: anakuficha kwa watu wake? Anakataa kufika kwenu mchana? Anakasirika ukitembea na wa umri wako? Kila ukikataa kitu anakukumbusha ile simu? Basi ile haikuwa zawadi, ilikuwa deni. Umurudishie. Na wavulana pia, maana kuna wamama wenye duka wanaofanya vile vile, na kwa hao hakuna anayesema neno.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto iko wazi: chini ya miaka 18 ni mtoto. Kulala naye ni ubakaji hata kama alisema ndiyo, na kifungo ni miaka 7 mpaka 20. Code ya familia iliyogeuzwa 2016 inakataza ndoa mbele ya miaka 18, kwa msichana na kwa mvulana, hata baba akiisha kupokea mahari.

Lakini sisi wenyewe tuliikanyaga sheria hiyo. Mara ngapi tumekaa na familia mbili, mbuzi mmoja, casier ya bia na dola kidogo, halafu binti mwenye mimba tukamukabidhi kwa mtu yule yule? Tulisema tunaokoa heshima. Tulimuokoa mwenzetu. Binti mmoja wa kikao kama hicho tulimukuta mwaka uliofuata akiosha mchanga mtoni, mtoto mgongoni. Bwana alikuwa amekwenda kwenye shimo lingine. Alitusalimia kwa adabu, na hakuna mmoja wetu aliyeweza kumutazama.

Kama ulilazimishwa, fika hospitali, HEAL Africa ao nyingine iliyo karibu, kabla masaa 72 hayajapita. Dawa ya kuzuia sida haingoje. Kama nyumbani hawakusikilize, njoo kwa wamama wa sindika.

Sisi tumekubaliana: kikao cha mbuzi hatukai tena. Na mwenzetu akikamatwa kwa jambo hili, kesi ya sindika haitalipa avoka wake hata franga moja. Wawili wamekasirika tayari, mmoja anasema atatoka. Atoke.