Kiwele Kikiugua, Tusiilaumu Mbegu Peke Yake

Huko Nkoma, wilayani Itilima, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mkoa wa Simiyu, ng'ombe ni akiba, ni mahari na ni ada ya shule. Kwa hiyo mwalimu au mtumishi wa serikali anayefuga chotara mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba yake anafanya jambo la maana. Lakini kiwele kinapovimba na maziwa yakatoka na mabonge, husikika kauli ile ile: ng'ombe wa kisasa ni dhaifu, mbegu ya Ulaya haitufai.

Kauli hiyo ina ukweli kiasi, wala haifai kupuuzwa. Ukoo wa ng'ombe uliochaguliwa kwa wingi wa maziwa tu huelekea kurithisha pia kiwele chepesi kuambukizwa. Chuchu zinazoning'inia karibu na ardhi ni urithi. Nchini Norwei jambo hilo lilitambuliwa mapema, na tangu mwaka 1978 madume ya mbegu huko huchaguliwa kwa kutazama pia afya ya viwele vya mabinti zao. Hata hivyo, katika tofauti za ugonjwa huu baina ya ng'ombe na ng'ombe, sehemu itokanayo na urithi kwa kawaida haifiki moja ya kumi. Mengi yaliyobaki hayana budi kutafutwa bandani na mikononi mwa mkamuaji.

Huko ndiko kwenye kasoro. Wakati wa mvua ng'ombe hulala juu ya samadi mbichi iliyojaa vijidudu. Kitambaa kimoja hufuta viwele vyote, cha mgonjwa na cha mzima. Tena mara nyingi kiwele huugua bila kuvimba: maziwa huonekana safi ila hupungua, na mwenye mali akalaumu majani. (Hapa wazee wanatushinda sisi tuliosoma: desturi yao ya kumwachia ndama anyonye baada ya kukamua humaliza maziwa yaliyosalia na kukilinda kiwele.)

Tusikimbilie dawa. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa hayafai kunywewa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye dawa yenyewe, na vijidudu vikizoeshwa dawa ovyo huwa sugu. Sakafu iwe kavu, mikono inawiwe kwa sabuni, kila ng'ombe awe na kitambaa chake, na mgonjwa akamuliwe mwisho. Pale ambapo ndama hanyonyi, chuchu zichovywe katika dawa ya kuua vijidudu mara baada ya kukamua. Maofisa mifugo nao, wanapomletea mfugaji mbegu ya uhamilishaji, wamweleze mabinti wa dume huyo wana viwele vya namna gani, si lita tu. Mfugaji ana haki ya kuuliza hivyo kabla hajalipa.