Kusogeza Mistari Hakutoshi

Makala inayodai kwamba data za mitetemo za Ziwa Albert huunganishwa kwa kusogeza tu mistari mpaka vilele vilingane imekosea pakubwa. Tangu Uganda ithibitishe kuwa na mafuta mwaka 2006, upande wetu wa Kongo nao unatazamwa, na watu wa Aru na Mahagi, mkoani Ituri, wana haki ya kuelezwa sawasawa.

Ili kuzalisha mitetemo hiyo, ziwani hutumika bunduki ya hewa. Nchi kavu, baruti au lori la kutetemesha ardhi. Kila chanzo hutoa wimbi lenye fezi yake, yaani mahali kilele kinapoangukia katika mzunguko. Chukua wimbi la hezi 25: mzunguko mmoja ni milisekunde 40. Fezi ikitofautiana kwa digrii 90, kilele huhama takribani milisekunde 10, yaani kina cha mita 10 hivi, kwa kuwa wimbi hushuka na kurudi, katika miamba ambamo mtetemo husafiri mita 2,000 kwa sekunde. Ukisogeza mstari unaficha pengo hilo tu. Umbo la wimbi linabaki lilelile. Tofauti ikiwa digrii 180, kilele kinageuka bonde, na mchanga laini unasomwa kama mwamba mgumu!

Fezi ilinganishwe pale mistari inapokatana, izungushwe, kisha ihakikiwe kwa vipimo vya kisima. Kabla ya hapo, ramani yoyote ya Ituri isipelekwe Kinshasa kutiwa saini.