Kabla ya kuunganisha shule, tuambieni watoto watavukaje mto



Maafisa wa elimu walitutangazia barazani kwamba shule ya msingi ya kijijini kwetu, huku Mukurwe-ini, itaunganishwa na nyingine iliyo ng'ambo ya mto kwa sababu wanafunzi wamepungua. Kuhusu idadi sina ubishi. Madarasa mawili yamegeuka ghala la madawati, na Gredi ya 2 yote hutosha safu moja. Vijana wamehamia Nairobi na Ruiru, wenye uwezo wanawapakia watoto wao kwenye mabasi ya manjano ya shule za kibinafsi, na uzazi wenyewe umepungua. Utafiti wa kitaifa wa 1989 ulionyesha mwanamke Mkenya akizaa wastani wa watoto 6.7, ule wa 2022 ulipata 3.4.

Ubishi wangu ni juu ya safari. Afisa alisema ni kilomita mbili tu. Hizo labda za ramani. Anayeijua Mukurwe-ini anajua tunaishi juu ya migongo ya vilima: unateremka mashamba ya kahawa hadi mtoni, unavuka daraja la magogo, kisha unaanza kupanda upya. Mvua ya Aprili ikinyesha, magogo hayo humtelezesha hata mtu mzima aliyevaa gambuti. Mtoto wa shule ya awali (PP1), wa miaka minne, atapita hapo saa kumi na mbili na nusu asubuhi? Itabidi bodaboda, nayo huzunguka hadi barabara kuu ikiwa imebeba watoto wanne, mmoja wao amekalia tangi la mafuta. Tumeambiwa tangu Januari 2003 kwamba elimu ya msingi ni bure, na Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema ni ya bure na ya lazima. Nauli ya kila siku, kama si karo, ni nini?

Halafu kuna hesabu ya fedha. Serikali hutenga Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi. Shule ya watoto 60 basi inapata Sh85,200, zikifika zote na kwa wakati, jambo ambalo walimu wakuu watakwambia ni nadra. Lakini paa linalovuja halivuji kidogo kwa sababu watoto ni wachache, na mlinzi wa usiku halipwi nusu mshahara. Mwalimu akistaafu, tume inayoajiri walimu (TSC) haituletei mwingine kwa kuwa idadi haitoshi. Mzazi akiona hivyo anamhamisha mtoto, idadi inashuka tena. Shule inadhoofishwa, kisha udhaifu huo unatolewa kuwa sababu ya kuifunga. Na kuna shule ambazo Wizara ya Elimu yenyewe imezikuta na wanafunzi hewa kwenye rejista! Sisi tulioandika idadi ya kweli ndio tunaofungiwa.

Sisemi kila shule ibaki ilivyo. Sekondari Msingi, Gredi ya 7 hadi 9, ina masomo tisa na inahitaji maabara. Kuwaachia vijana kumi walimu wawili ni kuwadhulumu. Vivyo hivyo sekondari ndogondogo zilizojengwa kwa fedha za maendeleo ya maeneobunge (NG-CDF) ili mbunge apate pa kukata utepe. Hizo ziunganisheni, kijana wa miaka 13 ataweza kuvuka mto. Ila watoto wa PP1 hadi Gredi ya 3 waachwe kijijini, hata kama mwalimu mmoja atafundisha gredi mbili katika chumba kimoja. Shule za kuhamahama za wafugaji wa kaskazini zinafanya hivyo, kwa nini isiwezekane Nyeri?

Naiomba Wizara iweke wazi orodha ya shule itakazounganisha, na ituite wazazi kwenye kikao cha kusikilizwa, si baraza la kusomewa uamuzi. Itueleze pia shamba ambalo wazee wetu walitoa ili shule ijengwe litakuwa la nani. Na kabla mtoto mmoja hajahamishwa, daraja la maana lijengwe au basi liletwe. Bila hayo, Januari nitampeleka mwanangu shule ileile.

Mzazi,
Mukurwe-ini, Kaunti ya Nyeri