Tujadiliane Pamoja: Ilani ya Wafanyabiashara wa Mipakani

Sisi wafanyabiashara wa Namanga, Busia, Sirari na Mutukula tunaanzisha harakati ya kudai kwamba Afrika Mashariki ijadili biashara na dunia kwa sauti moja.

Gharama ya kutawanyika tumeiona. Oktoba 2014, muda uliowekwa na Umoja wa Ulaya wa kukubaliana mkataba wa biashara ulipopita, maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru huko, kwa kuwa Kenya, tofauti na majirani zake, haimo katika orodha ya nchi maskini zaidi. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini mkataba na Umoja huo. Tanzania ikakataa, ikihofia hatima ya viwanda vyake vichanga. Desemba 2023 Kenya ikasaini wake peke yake. Hatumlaumu aliyesaini wala aliyekataa, kwani kila mmoja alikuwa na hoja. Tunachokataa ni hoja hizo kuachwa bila kupatanishwa, ilhali upande wa pili mataifa yote ya Umoja wa Ulaya yalikuja na msimamo mmoja.

Leo Marekani inapandisha ushuru, na mataifa yanasaini mikataba ya wawili wawili, watatu watatu. Nasi tunafungiana milango: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu; Julai 2025 Tanzania ikapiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ingawa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lipo tangu 2010. Nani atatuheshimu mezani ikiwa sisi wenyewe hatuheshimiani mpakani?

Kwa hiyo tunadai:

1. Nchi mwanachama isisaini mkataba wa biashara na taifa la nje kabla ya kuwasilisha rasimu kwa wenzake na kwa Bunge la Afrika Mashariki.

2. Rasimu itolewe kwa Kiswahili, ijadiliwe masokoni.

3. Nchi ikitangulia, masharti yake yawaachie majirani nafasi ya kujiunga.

4. Bidhaa ya jirani isizuiwe bila taarifa ya mapema na vipimo vya pamoja.

5. Cheti rahisi cha uasili, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kiheshimiwe kila mpaka.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa hadi 1983. Hatutakubali kurudishwa huko. Mchuuzi, mkulima, dereva wa lori: ipeleke ilani hii kwa mbunge wako, umtake ajibu hadharani.