Imamu na Katekista Wakutane Kabla ya Ugomvi

Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mchungaji wa kanisa la Kipentekoste aliuawa katika vurugu zilizoanzia buchani. Watu waligombania haki ya kuchinja nyama inayouzwa kwa wote. Aprili ya mwaka huohuo Tunduma nayo ikachafuka kwa jambo lilelile. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Mizengo Pinda, mtoto wa Mpimbwe, hapahapa Katavi, na serikali yake ikalazimika kukaa na viongozi wa dini kuzungumzia suala ambalo majirani walikuwa wamelimaliza wenyewe miaka mingi bila karatasi: Mwislamu anachinja, kila mtu anakula.

Nimeanza na nyama kwa makusudi. Amani ya dini tumezoea kuizungumza kwa maneno makubwa, ukumbini, chini ya bango, na ikifika jioni kila mmoja anarudi kwake. Mazoea yale ya kuchinja yalikuwa mema, lakini hayakuwa na mlinzi. Mkristo aliyeyahoji alikuwa na haki ya kuyahoji, maana ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa dini. Mwislamu aliyeona heshima ya zamani inavunjwa naye alikuwa na uchungu wa kweli. Kilichokosekana ni watu wawili, mmoja wa msikitini na mmoja wa kanisani, waliozoeana kiasi cha kugongeana mlango usiku kabla vijana hawajashika mapanga. Viongozi wa dini walipokutanishwa na serikali baada ya vurugu, mchungaji alikuwa amekwisha kufa.

Kwa hiyo naomba jambo moja: viongozi wa dini wakutane katika kata zao, mara kwa mara, kwa kazi inayowahusu wote, wakati hakuna aliyemkosea mwenzake.

Nalisema hasa kwa ajili ya mahali kama Kapalamsenga, katika wilaya ya Tanganyika, upande wa Karema. Shaba inaita wachimbaji. Wafugaji wanashuka na ng'ombe wao kutoka Usukuma, na tangu Karema ijengewe bandari wafanyabiashara wameanza kuitazama Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kama soko la jirani. Kila anayehamia anakuja na dini yake, na pengine na dhehebu ambalo wenyeji hawajapata kulisikia. Makubaliano ya wazee hayamfungi mtu huyu, hakuwepo yalipofanywa. Katavi haikosi ukarimu. Ilipokea wakimbizi wa Burundi Katumba mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha Mishamo mwaka 1978, na wengi wao leo ni raia wenzetu. Lakini kumpa mgeni ardhi ni jambo moja, na kumkalisha katika baraza linaloamua mambo ya kata ni jambo jingine.

Mwambao huu haukuzipokea dini hizi katika utulivu. Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji pale Karema mwaka 1885, wakati biashara ya watumwa bado inaendelea kuzunguka ziwa. Miaka minne baadaye alifika Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni maeneo ya Timbuktu, akakombolewa, akasomeshwa uganga huko Malta. Aliishi na kutibu Karema mpaka uzee wake, akafariki mwaka 1956, na hospitali ya kanisa mjini Sumbawanga ina jina lake. Kati ya wote waliokuja na bunduki, vitabu na bendera, aliyekuja na dawa ndiye ninayemrudia kila ninapofikiria viongozi wa dini wafanye nini hapa.

Kazi ipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika Katavi, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwishazaa au wana mimba. Hakuna mkoa uliotuzidi. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Mabinti hawa wamo madrasa na wamo katika mafundisho ya kipaimara. Imamu na katekista wakienda pamoja kwa mzazi anayetaka kumwoza mtoto, mzazi huyo hana pa kukimbilia: hawezi kusema dini yangu inaruhusu, wala hawezi kumhama mmoja aende kwa mwingine. Wakikubaliana kwamba hakuna atakayefungisha ndoa ya namna hiyo, wamefanya kitu ambacho mkuu wa wilaya hawezi kukifanya kwa amri. Vivyo hivyo kwa vikongwe wanaouawa kwa tuhuma za uchawi: mauaji hayo yakikemewa Ijumaa na yakakemewa Jumapili ya wiki ileile, muuaji hapati kundi la kumficha.

Wapo waumini wanaoogopa kwamba vikao vya namna hii ni kuchanganya dini. Hofu hiyo naiheshimu, ila haina msingi. Hakuna anayeombwa kupunguza hata neno moja la imani yake. Kinachoharibu ni ile mihadhara ya sokoni ya kulinganisha dini, kipaza sauti kikielekezwa kwa jirani na kitabu chake kikisomwa ili achekwe. Ukweli wa dini haukuwahi kuhitaji kumdhalilisha mtu mbele ya wanawe, na viongozi wanaokutana katika kata wawe na ujasiri wa kusema hivyo, kila mmoja kwa watu wa upande wake.

Mtendaji wa kata atoe chumba, lakini uenyekiti ubaki kwa viongozi wa dini, wapokezane, na akina mama wa vikundi vya kanisa na vya msikiti wawemo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaojua nyumba ipi ina shida. Ajenda ya kwanza iwe machinjio: nani anachinja, wapi, na asiyeridhika amwone nani. Ya pili iwe idadi ya mabinti walioacha shule tangu Januari, ambayo mwalimu mkuu anayo tayari.