Gari Lililobadilishwa Nusu

Wengi hudhani kwamba kubadilisha magari ni starehe ya wapenzi wa mashindano katika nchi za mbali. Ni kweli kwamba Sumbawanga haina uwanja wa mashindano. Lakini mabadiliko yenyewe tunayo. Lori huongezewa vyuma vya springi ili libebe zaidi. Pikapu hufungwa matairi makubwa ili ivuke tope la masika. Hoja yangu ni kwamba hatari haimo katika kulibadilisha gari, bali katika kulibadilisha nusu.

Tuanze na matairi. Kipenyo cha tairi kikizidi kile cha asili kwa asilimia 10, kipimamwendo hakina habari, kwa kuwa chenyewe huhesabu mizunguko tu. Kikionyesha kilometa 80 kwa saa, gari linakwenda 88. Nishati ya mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi, na 1.1 mara 1.1 ni 1.21. Basi breki zimeongezewa kazi kwa asilimia 21 bila dereva kujua. Isitoshe, akikanyaga kwa nguvu ileile, kani ya kusimamisha inayofika barabarani imepungua kwa asilimia 9 hivi, maana tairi kubwa ni mfano wa wenzo mrefu unaoshindana na breki ileile.

Sasa tuteremke Lyamba lya Mfipa, kwa barabara itokayo Ntendo kwenda Muze katika bonde la Rukwa. Kwa wepesi wa hesabu, tuseme mteremko wote ni mita 1,000. Lori la tani 10 hupoteza hapo nishati ya jouli milioni 98, ambayo yatosha kupasha lita 290 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Likipakiwa hadi tani 14, hesabu hufika jouli milioni 137. Springi mpya zitauhimili uzito huo. Breki hazikuongezwa chochote. Kama breki zote zina kilo 200 za chuma, na joto lote la zile tani 10 likabaki humo, chuma kingepanda kwa zaidi ya nyuzi 1,000. Kabla ya hapo msuguano umekwisha kufifia. Hewa huchukua sehemu ya joto hilo, na gia ndogo huifanya injini isaidie kuzuia mwendo. Ndiyo sababu anayeteremka kwa gia huru ili kuokoa mafuta huweka rehani maisha ya abiria wake, nao walioketi juu ya magunia hawakuulizwa.

Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, yana funzo kwetu. Gari la mashindano huimarishwa springi, breki na matairi kwa pamoja, kisha hukaguliwa kabla ya kuanza. Na katika safari za kati, kutoka sehemu moja ya kushindania hadi nyingine, dereva hutumia barabara ya umma na kutii sheria kama mtu mwingine yeyote.

Wako wasemao kwamba dawa ni adhabu tu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo, nami siidharau. Lakini tusimwonee fundi wetu. Alipoinua springi alikuwa akijibu swali la kweli, yaani barabara ya udongo iliyovunja kila kitu. Lami iliyofika kutoka Tunduma katika miaka ya 2010 ilileta swali jingine, la kasi, na jibu la zamani halilitoshi. Fundi anayo mikono na uzoefu; alichokosa ni hesabu, na hesabu hiyo imo katika madaftari ya wanafunzi wetu, ikingoja mtihani.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa fizikia wawapeleke wanafunzi gereji wakiwa na futi ya kupimia. Wapime tairi la asili na lile jipya, wakokotoe, kisha wamweleze fundi kwa adabu walichokiona, na wamsikilize naye. Mwanafunzi ajuaye kanuni ya nishati, lakini akapanda lori lililojaa kupita kiasi bila kushtuka, bado hajafundishwa fizikia.